Tumemficha mwenzetu wa viola ili twende Marekani

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 25, naishi Dodoma mjini, napiga fidla. Tuko wanne: fidla mbili, viola moja na selo moja. Tulikutana chuoni tukisoma muziki, na tangu tumalize tunafanya mazoezi kwenye chumba cha nyuma cha kanisa moja huku Area D. Tunapiga harusini na kwenye mahafali, na Jumapili tunasindikiza kwaya.

Mwaka jana tuliomba nafasi kwenye chuo kikuu kimoja cha Marekani. Wanachukua kundi moja changa la nyuzi, linakaa pale chuoni miaka miwili. Ada hamlipi, mnapewa posho, mnafundishwa na kwateti (kundi la wapigaji wanne) ya wakongwe, na ninyi mnawafundisha wanafunzi wa chini. Tulituma rekodi tatu: Haydn, Beethoven, na wimbo wa Kigogo ambao mwenzetu wa viola aliupanga mwenyewe kwa nyuzi nne. Januari wakajibu kwamba tumevuka hatua ya kwanza, tujiandae kupiga mbele yao kwa video mwishoni mwa Februari.

Hapo katikati mwenzetu wa viola akapata ajira ya serikali, ualimu wa sekondari, Kondoa. Amesharipoti. Mama yake ni mjane, yuko Chamwino, na wadogo zake wawili wanasoma kwa mshahara huo. Tulipomuuliza habari za Marekani alisema tu, "Tutaona." Kila Ijumaa anapanda basi anakuja na viola mgongoni, Jumapili jioni anarudi.

Kaka wa selo, ambaye ndiye kiongozi wetu, akasema hatuwezi kusubiri "tutaona". Akamleta kijana wa Nairobi. Anapiga viola vizuri sana, Mwalimu, siwezi kusema uongo. Tumefanya naye mazoezi mara tatu katikati ya wiki, mwenzetu akiwa Kondoa. Ijumaa iliyopita yule kijana alikuwa bado yupo, nikaambiwa nimtumie mwenzetu meseji kwamba hakuna mazoezi, chumba kina kikao cha wazee wa kanisa. Nikatuma. Akajibu, "Sawa dada, mpumzike." Tangu siku hiyo silali vizuri.

Wenzangu wanasema tukishapata nafasi tutamwambia, ataelewa, kwani yeye ana ajira. Baba yangu naye anauliza huo "ukaazi" ni kitu gani hasa, ni shule au ni kazi, na kwa nini Wazungu walipe watu kupiga fidla. Nashindwa kumjibu. Nifanye nini?

Fidla ya Pili, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hiyo meseji, maana ndiyo iliyokufanya uandike. Kikao cha wazee hakikuwepo. Umemwambia uongo mtu aliyekuwa tayari kukaa kwenye basi kutoka Kondoa kwa ajili yenu, naye akakutakia mapumziko. Kukosa usingizi kwako kunanipa moyo. Jibu langu ni hili: mwambieni wiki hii, ninyi watatu, uso kwa uso, kabla hamjapiga noti nyingine na huyo kijana wa Nairobi. Swali la nani aende Marekani linakuja baada ya hapo, na huenda likajijibu lenyewe.

Sasa nimjibu baba, kwa sababu mkimwelewesha yeye mtajielewa na ninyi mko kwenye nini.

Ukaazi wa namna hii ni shule na ni kazi kwa pamoja. Ulianza kwa ajali ya vita. Mwezi Mei 1940 kwateti moja ya Ubelgiji, Pro Arte, ilikuwa Madison, Wisconsin, ikipiga tungo za Beethoven za nyuzi nne, ndipo Ujerumani ikaivamia Ubelgiji. Hawakuwa na kwao pa kurudi. Chuo Kikuu cha Wisconsin kikawapa mahali pa kukaa na kazi ya kufanya: kupiga, kufundisha, kuishi na wanafunzi. Ndiyo kwateti ya kwanza kuwa mkaazi wa chuo kikuu, na Pro Arte ipo Madison hadi leo, ingawa waliokuwa jukwaani usiku ule wote wametangulia mbele ya haki.

Baadaye vyuo vikaona kwamba makundi machanga yana shida yake. Vijana wanne wakimaliza shule kila mmoja anatafuta mkate wake, na kundi linakufa kabla halijakomaa. Ndiyo maana ikaja nafasi kama yenu: miaka miwili hivi ya kukaa pamoja bila kuhangaikia kodi ya nyumba, chini ya wakongwe wanaokaa papo hapo. Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder, vijana wanafundishwa na Takács, kundi lililoanzishwa na wanafunzi wanne wa Budapest mwaka 1975. Chuo Kikuu cha Yale walikuwa na Tokyo Quartet tangu 1976 hadi ilipovunjika mwaka 2013, kisha wakaja Brentano. Na usidhani ni mambo ya Wazungu watupu. Shanghai Quartet ilianzishwa na wanafunzi wa Kichina mwaka 1983, ikavuka bahari kwenda kujifunza kama mnavyotaka ninyi, na mwaka 2002 wao wenyewe wakawa kundi kaazi la Chuo Kikuu cha Montclair State kule New Jersey.

Chuo kinalipa kwa sababu kinapata. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaingia chumba cha mazoezi na kuona watu wanne wakibishana nusu saa juu ya noti mbili, anajifunza kitu ambacho mhadhara hauwezi kumpa. Kama baba bado hajaridhika, mkumbushe Hukwe Zawose, mtoto wa Doduma, hapa hapa kwetu. Yule mzee aliishi Bagamoyo na zeze lake na ilimba lake, akifundisha kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981, akipiga na ndugu zake na kuwalea vijana, mpaka alipofariki mwaka 2003. Baba anamfahamu Zawose. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini alipwe.

Sasa turudi kwenu. Chuo hakikuomba fidla mbili na viola na selo kama mtu anavyoagiza matofali. Kiliomba kundi. Hata fomu mliijaza kama kundi, nina hakika, na majina manne yaliandikwa. Rekodi waliyoisikia ina mkono wa mwenzenu kwenye viola, na moja kati ya zile tatu imetoka kichwani mwake. Mkikaa mbele ya kamera mwishoni mwa Februari na mtu mwingine kwenye kiti kile bila kusema neno, mtakuwa mmewadanganya watu wawili kwa mpigo, yeye na chuo. Na chuo kitagundua. Watu wanaosikiliza kwateti maisha yao yote hawahitaji kuona sura.

Nieleze kwa nini, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo. Wewe umelelewa na kwaya, sol-fa unaijua. Chukua Do, Mi, So. Kwenye kinanda, Mi imefungwa juu kidogo ya pale inapotaka kukaa yenyewe. Tofauti ni kama sehemu 14 kati ya 100 za nusu-toni. Mpiga kinanda hana la kufanya. Kwenye nyuzi unaishusha kwa ncha ya kidole, unasikiliza, unashusha tena kidogo sana, na ghafla sauti zinaacha kutikisika, zinatulia kama maji mtungini. Mara nyingi mwenye viola ndiye anayeishika Mi hiyo, katikati, mahali ambapo msikilizaji wa kawaida hapasikii ila angepakosa. Fidla zinasifiwa, selo inasikika hadi uani, lakini yeye ndiye anayeamua kama nyumba imenyooka.

Na masikio ya Wagogo yako nyumbani hapo. Muziki wa Kigogo haukupimwa kwa kinanda. Sauti zake zinatoka kwenye ngazi ya asili, ile ile unayoipata ukigusa uzi mmoja kwa wepesi sehemu mbalimbali bila kuubana, kuanzia sauti ya nne kupanda hadi ya tisa. Ndani yake imo ile sauti ya saba, iliyo chini ya Ta (Ti iliyoshushwa nusu-toni) ya kinanda kwa sehemu 31 kati ya 100 za nusu-toni. Mtu mgeni akiisikia anadhani mwimbaji ametoka nje ya sauti. Bibi wa Chamwino anayeimba nindo, nyimbo za Kigogo, hakutoka popote. Mwenzenu amekulia katikati ya sauti hizo, na huo wimbo alioupanga nadhani mnaupiga vizuri kwa sababu yeye anaweka sauti ya saba mahali pake na ninyi watatu mnamfuata bila hata kujua kwamba mnamfuata. Huyo kijana wa Nairobi anaweza kuwa na vidole vyepesi zaidi. Atajifunza pia, akipewa muda. Mazoezi matatu ya usiri hayatoshi.

Niseme na jambo langu, kwa sababu sikuandikii kama mtu aliye msafi. Zamani niliongoza kwaya moja, sitaitaja, na tulikuwa tunakwenda mashindano ya kanda. Besi wangu mmoja alikuwa akichelewa mazoezi kwa sababu ya kazi yake ya ulinzi wa usiku. Nikapata mwingine mwenye sauti nene zaidi. Nikanyamaza. Niliona aibu kumwambia, nikajipa moyo kwamba atajionea mwenyewe. Asubuhi ya safari alifika pale garini akiwa na sare yake imepigwa pasi, ameitundika begani ili isikunjike, gari limejaa, kiti chake kimekaliwa. Alitazama viti, akanitazama mimi, akasema, "Basi Mwalimu, mkatuwakilishe vyema." Akaondoka kwa miguu. Tulirudi na kombe. Sikumwona tena kwaya yoyote mpaka alipokufa, na mke wake aliniambia msibani kwamba ile sare hakuitoa kwenye msumari ukutani. Kwa hiyo nikisoma "Sawa dada, mpumzike", ninaijua sauti hiyo.

Kama kaka wa selo anaona haya ni mambo ya moyo tu, mweleze habari za Audubon. Ilikuwa kwateti kaazi ya chuo kikuu cha Virginia Tech, Marekani, kwa miaka mingi. Mwaka 2000 watatu walimwondoa mpiga fidla wa kwanza. Akaenda mahakamani Pennsylvania, na mwaka uliofuata mahakama ikaamuru alipwe zaidi ya dola 600,000 kwa sehemu yake ya kundi. Chuo kikakatisha ukaazi wao. Mgogoro ukavuta miaka, ikafika mahali wenzake wakawa hatarini kuuziwa hata vyombo vyao vya kupigia. Ninyi hamna dola wala mwanasheria, lakini kile kilichowaponza wale mnacho pia: hamna karatasi yoyote inayosema kundi ni la nani, jina ni la nani, mtu akiondoka anaondoka na nini. Andikeni ukurasa mmoja, msaini wote wanne, hata kabla ya kujua mwisho wa jambo hili. Na wimbo uliopangwa na mwenzenu ni kazi yake. Asipokwenda, mtauomba kwake, jina lake litaandikwa kwenye kila programu, na itakuwa vizuri mkimsaidia kuusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Sisemi kwamba kiti cha viola hakibadilishwi. Hubadilishwa. Takács walipata mpiga fidla wa kwanza mpya mwaka 1993 na wakapanda juu zaidi baada ya hapo. Ila walimtafuta baada ya yule wa kwanza kuondoka, kila mmoja akijua.

Sasa mwenzenu mwenyewe. "Tutaona" yake mmeisikia kama uvivu wa kuamua. Mimi naisikia kama mtu asiye na namna ya kusema. Fikiria yuko wapi. Ni mtumishi mpya, yuko kwenye matazamio ya miezi 12, na mtu ambaye hajathibitishwa kazini hapewi ruhusa ya masomo kirahisi. Akiacha, kurudi kwenye ajira ya serikali ni foleni upya. Na je, mmekaa naye mkapiga hesabu ya posho? Posho hizo hukadiriwa mtu mmoja aishi, si atume nyumbani. Bima ya afya kule vyuo vingi huilazimisha, na wakati mwingine inakatwa humo humo. Mkiwa na viza ya mwanafunzi hamruhusiwi kupiga harusi za mjini mkalipwa kama mnavyofanya hapa. Kazi ya nje ya chuo inahitaji kibali. Kwa hiyo anaona wadogo zake wawili na ada zao, na anaona ninyi watatu ambao hamna mtu nyuma, na anasema tutaona.

Mpeni vitu viwili alivyokosa: ukweli na tarehe. Mwambieni, "Tumefanya mazoezi na mtu mwingine. Tumekosea kukuficha. Tunakutaka wewe kwanza. Tunahitaji jibu kufikia siku fulani." Wiki moja inatosha. Kisha chukueni karatasi mwandike naye: mshahara wake, posho, ada za wadogo, nani kati yenu anaweza kuchangia nini. Mimi ningependa ninyi watatu mjitolee kutenga sehemu ya posho zenu kwa mama wa Chamwino kwa miaka hiyo miwili. Ni sadaka kubwa. Mmekula pamoja pesa za harusi muda wote huu, sioni ubaya wa kula pamoja na hii.

Siku hiyo hiyo mwandikieni mratibu wa ule mpango. Semeni mmoja wenu amepata ajira na bado anaamua, muulize mambo mawili: kama mkipata nafasi mnaweza kuanza mwaka mmoja baadaye, na kama mwenzenu akibaki, mnaruhusiwa kuleta rekodi mpya na mtu mpya. Huenda wakakataa yote mawili. Wengi huchukua kundi moja kwa kipindi, kiti kikishajaa kinangoja hadi miaka miwili iishe. Hata hivyo mtakuwa mmewaandikia kama watu wazima, na watawakumbuka mtakapoomba tena.

Akisema anakwenda, mnapiga Februari na yeye, na kijana wa Nairobi mnamwomba radhi na kumlipia nauli. Sijui kama mlimwambia kwamba kiti kina mwenyewe. Kama hamkumwambia, naye amedanganywa. Akisema anabaki Kondoa, basi mwagane naye kwa heshima, mpige naye tamasha moja la mwisho hapa Dodoma mbele ya mama yake, halafu muanze upya na mtu mpya kwa mwaka mzima kabla ya kuomba popote. Mwaka si mwingi. Wewe una miaka 25.

Ushauri mmoja wa kando, maana nimeshindwa kujizuia: hiyo viola isiwekwe kwenye buti la basi. Ukavu wa kwetu, pamoja na joto la buti, hufungua gundi kwenye maungio, na kijiti kilichosimama ndani ya tumbo la chombo kikianguka hamna fundi wa kukisimamisha karibu. Akae nayo mapajani, na ndani ya kasha muweke kijisponji chenye unyevu, kilichokamuliwa vizuri, kwenye kopo dogo lenye matundu. Sponji lisiguse mbao.

Wewe ni fidla ya pili, na najua kwenye kundi fidla ya pili huzoea kusubiri wengine waanze. Safari hii anza wewe. Mpigie kaka wa selo leo, mwambie meseji ile ilitoka kwenye simu yako na hutatuma nyingine ya namna hiyo. Kisha Ijumaa nendeni stendi wote watatu mkampokee akishuka. Na ile meseji usiifute. Mwonyeshe, umwambie ni uongo, umwombe msamaha hapo hapo kabla hamjabeba viola yake.

Mwalimu wako